Waliopofushwa Vitani na Wenzi Wao: Historia ya Huduma na Fundisho Lake kwa Diakonia ya Kanisa

Utangulizi

Katika mahubiri yetu kipofu hutumiwa mara nyingi kama mfano. Tunasoma habari za Bartimayo aliyeketi kando ya njia ya Yeriko (Mk. 10:46-52), tunasoma habari za mtu yule aliyezaliwa kipofu (Yoh. 9), na mara tunahamia kwenye upofu wa kiroho. Ni nadra kukaa na swali lililo la kawaida zaidi. Mtu aliyepoteza macho akiwa na umri wa miaka ishirini, na ambaye hataponywa, ataishije miaka hamsini iliyobaki? Ni nani atakayemsomea barua zake, atakayemshika mkono njiani, atakayeamka naye usiku? Na huyo amshikaye mkono atatunzwa na nani?

Makala haya yanalitazama swali hilo kwa njia ya historia. Tumechagua kundi moja, yaani askari waliopofushwa katika vita vikuu viwili vya karne ya 20, pamoja na wake zao. Tumelichagua kundi hili kwa sababu tatu. Kwanza, mbele ya watu hawa serikali zilishindwa kusema kwamba upofu wao ni shauri la jamaa zao peke yao, kwa maana ni serikali hizo zilizowatuma vitani. Pili, watu hawa hawakungoja kusaidiwa tu, bali waliunda vyama vyao na kuanza kusaidiana. Tatu, historia yao inaigusa Afrika Mashariki kuliko wengi wetu tunavyofahamu.

Hoja yetu ni hii: huduma kwa waliopofushwa ilizaa matunda pale ambapo yeye aliyepofushwa alihesabiwa kuwa mtenda kazi pamoja na wengine. Iliharibika pale mipaka ilipowekwa kuamua ni upofu wa nani unaostahili heshima. Na katika nchi zote tutakazozitaja, mtu aliyechelewa kuhesabiwa kuliko wote alikuwa mwenzi wa ndoa.

1. Vita vilivyojeruhi uso

Vita ya Kwanza ya Dunia (1914-1918) ilipigwa kwa sehemu kubwa katika mahandaki. Askari aliyekuwa ndani ya handaki alikingwa kuanzia mabegani kwenda chini; alipoinua kichwa ili achungulie, uso ndio uliotangulia kukutana na risasi na vipande vya mizinga. Zamani mtu mwenye jeraha la namna hiyo angekufa upesi kwa kuoza kwa kidonda. Sasa upasuaji na dawa za kuua vijidudu vilimwokoa, akarudi kwao akiwa hai lakini bila macho.

Kisha ikaja gesi. Tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani lilifungulia gesi ya klorini karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, na katika Julai 1917, mahali pale pale, ilitumika kwa mara ya kwanza gesi ya haradali. Gesi hii ya pili iliunguza ngozi, mapafu na macho. Wengi wa waliounguzwa walikaa kwa siku au wiki kadhaa wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, kisha wakaona tena. Lakini baadhi yao walipatwa na jambo ambalo hawakulitazamia. Miaka 10 au 20 au zaidi baada ya vita kwisha, utando angavu wa mbele ya jicho ulianza kuchubuka na kufifia, wakapofuka wakiwa tayari na kazi, wake na watoto. Hapa ndipo ilipoonekana kwamba matibabu ya mtu wa vita hayamaliziki siku anapovua sare.

2. London, 1915: kipofu awafundisha vipofu

Mwanzoni mwa mwaka 1915 Arthur Pearson alianzisha mjini London makao ya askari na mabaharia waliopofushwa. Pearson alikuwa tajiri wa magazeti. Yeye ndiye aliyeanzisha gazeti la Daily Express mwaka 1900. Baadaye alipoteza macho yake kwa ugonjwa wa presha ya macho. Muda si mrefu makao hayo yalihamia katika nyumba kubwa iliyoitwa St Dunstan's, ndani ya bustani ya Regent's Park, ambayo mwenye benki mmoja wa Marekani, Otto Kahn, aliiazima kwa kazi hiyo. Jina la nyumba likawa jina la huduma nzima. Huduma hiyo ingaliko, na tangu mwaka 2012 inaitwa Blind Veterans UK.

Pearson alikuwa na desturi ya kuwatembelea majeruhi wangali vitandani hospitalini. Huko aliwapa saa ambayo mtu huweza kuisoma kwa kupapasa mishale yake kwa kidole. Zawadi hiyo ni ndogo, lakini tuitafakari. Mtu anayelazimika kuuliza saa kila mara amekuwa mtoto tena. Pearson alimpa majeruhi jambo moja la kwanza ambalo angeweza kulijua bila kumwuliza mtu, na kutoka hapo aliendelea na mengine. Katika St Dunstan's watu walijifunza kusoma maandishi ya nukta nundu, kupiga taipu, kupokea simu za maofisi, kukanda misuli ya wagonjwa, kushona viatu, kusuka vikapu, useremala na kufuga kuku. Walipiga makasia na kucheza dansi. Sehemu ya walimu wao walikuwa vipofu wenyewe, na baadhi yao walikuwa wamehitimu hapo hapo muda mfupi uliotangulia. Mwanafunzi aliyekata tamaa hakuweza kumwambia mwalimu wa namna hiyo kwamba haelewi maana ya giza.

Jambo la pili la kukumbukwa ni uangalizi wa baada ya mafunzo. Mhitimu hakuachwa aende zake. Wageni wa St Dunstan's walimfuata nyumbani, wakakagua kazi yake, wakamwuzia mali ghafi kwa bei nafuu na kumtafutia soko la bidhaa zake. Pearson alifahamu kwamba mtu anaweza kufundishwa vizuri na bado akashindwa maishani kwa kukosa mtu wa kubisha hodi mlangoni pake baada ya mwaka mmoja.

Pearson alifariki kwa ajali nyumbani kwake mwezi Desemba 1921. Aliyeshika nafasi yake alikuwa Ian Fraser, kijana wa miaka 24, ambaye risasi ilikuwa imempofusha katika mapigano ya Somme mwaka 1916. Fraser aliiongoza St Dunstan's hadi alipofariki mwaka 1974, yaani zaidi ya miaka 50. Aliingia Bungeni mwaka 1924, na alishiriki kazi iliyoleta vitabu vya kusikiliza katika sahani za santuri mwaka 1935. Mwaka 1942 alitoa kitabu cha maisha yake, na jina la kitabu alilichukua katika ushuhuda wa mtu yule wa Yohana sura ya 9. Mwanatheolojia hana budi kusimama hapo kidogo. Mtu ambaye macho yake hayakufunguliwa kamwe aliyatwaa maneno ya mtu aliyefunguliwa macho na kuyafanya kuwa yake. Aliona kwamba alikuwa amepewa kitu, ingawa hakikuwa kile ambacho angekiomba.

3. Ujerumani: udugu, na mipaka yake

Ng'ambo ya mahandaki yale yale, Wajerumani nao walikuwa wakirudi nyumbani bila macho. Mwaka 1916 una mambo matatu ya kukumbukwa. Mjini Berlin askari waliopofushwa waliunda chama chao wenyewe, ili wasemewe na watu waliojua hali yao. Mjini Oldenburg ilifunguliwa shule ya mbwa viongozi chini ya Gerhard Stalling. Mfano wake ulivuka bahari, na mwaka 1929 Marekani nayo ikapata shule ya namna hiyo. Mjini Marburg, Profesa Alfred Bielschowsky wa hospitali ya macho ya chuo kikuu, akishirikiana na Carl Strehl ambaye mwenyewe alikuwa kipofu, alianzisha chuo na maktaba ili vijana waliopofushwa waweze kusoma hadi chuo kikuu. Taasisi ya Marburg inafanya kazi hadi leo.

Ungedhani kwamba nchi iliyoanza hivyo ingeendelea vizuri. Lakini tarehe 14 Julai 1933, chini ya utawala wa Hitler, ilitolewa sheria ya kuwafunga uzazi watu waliosemekana kuwa na magonjwa ya kurithi, na upofu wa kurithi ulitajwa ndani yake. Hivyo katika nchi moja walikuwapo vipofu wa aina mbili. Aliyepofushwa vitani aliitwa shujaa na kupewa nishani. Aliyezaliwa kipofu aliweza kupelekwa kwa nguvu kwenye meza ya upasuaji ili asizae. Wala hata ushujaa haukumlinda Myahudi. Bielschowsky, aliyewatumikia askari wengi wa Ujerumani kwa mikono yake, aliondolewa katika kazi yake mjini Breslau kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, akahamia Marekani na kufariki huko mwaka 1940.

Sisi Walutheri hatuwezi kuusoma ukurasa huu kama habari za watu wengine. Katika mwezi Mei 1931, yaani kabla Hitler hajashika madaraka, wataalamu wa Misioni ya Ndani, chombo kikuu cha diakonia cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, walikutana Treysa na kukubali kwamba kufunga uzazi kwaweza kuwa halali katika hali fulani. Sheria ilipokuja, upasuaji huo ulifanyika pia katika hospitali za diakonia. Wanadiakonia wale walikuwa wacha Mungu, waliowaogesha na kuwalisha wagonjwa wao kila siku. Kilichopotea kwao ni ile imani kwamba heshima ya mtu hutoka kwa Muumba wake, wala haitokani na manufaa yake kwa taifa. Mara diakonia inapoanza kuwapima wahitaji kwa kipimo cha ustahili, hata wale wanaopimwa na kukubaliwa wamekwisha kudhulumiwa, maana kesho kipimo chaweza kubadilishwa.

4. Marekani, 1944-1948: fimbo ndefu na chama kisicho na ubaguzi

Katika Vita ya Pili ya Dunia, Rais Roosevelt aliagiza mwaka 1944 kwamba askari aliyepofushwa asiruhusiwe kutoka jeshini kabla ya kufundishwa kuishi na upofu wake. Majeruhi walitibiwa hasa katika hospitali ya Valley Forge katika jimbo la Pennsylvania na ile ya Dibble katika California, kisha wengi wakapelekwa Avon katika jimbo la Connecticut, ambako shule ya wavulana ilikuwa imegeuzwa kuwa makao ya mafunzo.

Huko Valley Forge sajenti mmoja, Richard Hoover, aliona kwamba fimbo fupi ya kawaida haimsaidii kipofu kutembea peke yake, kwa kuwa inamtegemeza lakini haimpi habari za njia. Yeye na wenzake walitengeneza fimbo ndefu na nyepesi, wakafundisha namna ya kuipeleka kushoto na kulia mbele ya miguu, ili kila mahali mguu utakapokanyaga pawe pamekwisha kuguswa na fimbo. Hoover baadaye alisomea udaktari wa macho. Tarehe 4 Julai 1948 kituo cha kwanza cha mafunzo kwa askari wa zamani waliopofushwa kilifunguliwa katika hospitali ya Hines, jimbo la Illinois. Mkuu wake alikuwa Russell Williams, aliyepofushwa nchini Ufaransa mwaka 1944. Kwa mara nyingine tena, aliyewekwa kuongoza ni mtu aliyeijua njia hiyo kwa miguu yake.

Tarehe 28 Machi 1945, huko Avon, kundi la askari wapatao 100 liliunda chama kiitwacho Blinded Veterans Association. Tunapaswa kulipima jambo hili kwa hali ya wakati ule. Jeshi la Marekani lilikuwa bado limegawanyika kwa rangi. Askari weupe na weusi hawakukaa katika kikosi kimoja. Lakini chama hiki kiliwapokea wanachama bila kujali rangi wala dini, weusi kwa weupe, Wakristo kwa Wayahudi.

Mwaka uliofuata ulionyesha jinsi jambo hilo lilivyokuwa zito. Tarehe 12 Februari 1946 sajenti mweusi Isaac Woodard, aliyetoka kuagwa jeshini saa chache tu zilizotangulia na aliyekuwa bado amevaa sare, alishushwa katika basi katika mji wa Batesburg, South Carolina, baada ya kubishana na dereva. Mkuu wa polisi wa mji ule, Lynwood Shull, alimpiga kwa rungu machoni hadi macho yote mawili yakaharibika kabisa. Shull alishitakiwa, na katika Novemba 1946 baraza la wazee wa mahakama, wote weupe, likamwachilia. Woodard hakupewa pensheni kamili ya askari kipofu, kwa hoja kwamba alipopigwa alikuwa ameshatoka jeshini. Alitunzwa na jamaa zake mjini New York, akaishi hadi mwaka 1992. Habari zake zilimgusa sana Rais Truman, na ni miongoni mwa mambo yaliyotangulia amri yake ya tarehe 26 Julai 1948 ya kuondoa ubaguzi wa rangi jeshini.

Hapa tunaliona tena swali la Ujerumani katika vazi lingine. Je, macho yaliyotolewa na adui ng'ambo yana thamani kuliko macho yaliyotolewa na polisi nyumbani? Kanuni ya pensheni ilijibu kwa tarehe iliyoandikwa katika cheti cha kuagwa. Injili hujibu kwa jeraha lenyewe.

5. Mwenzi aliyechelewa kuhesabiwa

Hadi hapa tumewataja hasa wanaume. Hivyo ndivyo zilivyo kumbukumbu zenyewe: zimejaa majina ya waanzilishi, madaktari na viongozi, lakini majina ya wake ni machache. Hata hivyo, kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwao. Mke alisoma barua na magazeti kwa sauti, akahesabu fedha, akamwongoza mumewe barabarani, akachagua nguo, akatazama kama kidonda cha jicho kinatoa usaha. Ni yeye aliyesikia mayowe ya usiku wakati mumewe alipoota vita. Pale ambapo uso wa mume ulikuwa umeharibika, ni mke aliyekutana na macho ya watu sokoni, maana mume hakuwa na uwezo wa kuyaona.

St Dunstan's iliona sehemu ya jambo hilo mapema. Mtu aliyejifunza kufuga kuku aliweza kuleta mke wake, mama yake au dada yake ili naye afundishwe, kwa kuwa ilieleweka kwamba kazi ile itafanywa na watu wawili. Ndoa nyingi pia zilianzia humo, kati ya waliopofushwa na akina mama vijana waliowasaidia. Fraser mwenyewe alimwoa Irene Mace mwaka 1918, mwanamke aliyekuwa akifanya kazi St Dunstan's na aliyemfahamu tangu alipokuwa amelazwa hospitalini.

Lakini serikali ilikuwa na hesabu nyingine. Katika Uingereza ya baada ya mwaka 1918, kanuni za pensheni zilimtambua mke aliyeolewa kabla ya mumewe kujeruhiwa. Aliyeolewa baada ya jeraha, akijua wazi kwamba anaolewa na kipofu, hakuwa na haki ile ile ya kutunzwa kama mjane wa vita. Tuseme wazi maana yake: mwanamke aliyechukua mzigo kwa hiari alihesabiwa chini ya yule ambaye mzigo ulimkuta. Ilichukua muda mrefu na mabishano mengi Bungeni ili mambo ya namna hii yarekebishwe.

Nchini Marekani hatua zilikuja polepole vile vile. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa kulipia matibabu ya wenzi na watoto wa askari wa zamani waliolemaa kabisa kwa sababu ya utumishi wao. Tangu mwanzo wa chama cha Avon hadi hapo ilikuwa imepita miaka 28. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria iliyowapa posho, mafunzo na bima ya matibabu jamaa wanaowauguza majumbani waliojeruhiwa katika vita vya karne hii, na sheria ya mwaka 2018 ikafungua mlango kwa jamaa za askari wa vita vya zamani. Wakati huo wengi wa wake wa kizazi cha 1945 walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Basi kwa nini mwenzi alichelewa hivyo? Sababu moja ni kwamba kazi ya mke iliitwa upendo, na upendo ukadhaniwa kuwa haugharimu kitu. Sababu ya pili ni kwamba mgonjwa alikuwa na jeraha lililoweza kupimwa na daktari, lakini uchovu wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa miaka mingi hauna fomu yake ofisini. Sababu ya tatu yatupasa sisi wachungaji kuikiri: kanisa lenyewe limemsifu mno mke mvumilivu, na mara nyingi sifa hiyo imekuwa mbadala wa msaada.

6. Nyuzi zinazofika Afrika Mashariki

Watu wetu walikuwamo katika vita hivi. Ile ya kwanza ilipiganwa katika ardhi ya Tanganyika kuanzia mwaka 1914 hadi Novemba 1918, na waliobeba uzito wake mkubwa walikuwa wapagazi. Katika ile ya pili, askari wa Afrika Mashariki walipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Katika Kenya, Jeshi la Wokovu lilianza kazi ya kuwafundisha wanaume waliopofuka kwa sababu ya vita hii ya pili, na kutokana na kazi hiyo ilizaliwa Shule ya Wasioona ya Thika mwaka 1946, iliyo ya kwanza ya namna yake nchini humo. Watoto wasioona wa Kenya walipata shule katika njia iliyofunguliwa na askari.

Uzi wa pili ni wa Clutha Mackenzie wa New Zealand. Alipoteza macho huko Gallipoli katika Agosti 1915 akiwa na miaka 20, akafundishwa St Dunstan's. Katika Vita ya Pili alifanya kazi India, ambako makao ya askari Wahindi waliopofushwa yalifunguliwa Dehra Dun. Baadaye aliongoza kazi ya UNESCO ya kupatanisha maandishi ya nukta nundu ya lugha mbalimbali za dunia, na katika miaka ya 1950 alikuwa Uganda akishughulikia mafunzo ya kilimo kwa wakulima wasioona. Kilichoanza na majeruhi mmoja kando ya bahari ya Uturuki kiliishia katika shamba la Mganda ambaye hakuwahi kushika bunduki.

Katika Tanzania kazi ya elimu kwa wasioona ilibebwa kwa kiasi kikubwa na makanisa. Waanglikana walianzisha shule ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Walutheri wakaanzisha shule ya Irente, Lushoto, mwaka 1963. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ina idara ya macho inayojulikana mbali. Urithi huu ni mkubwa. Lakini tukiutazama kwa mwanga wa historia tuliyoieleza, twaona kwamba tumejenga hospitali kwa ajili ya jicho na shule kwa ajili ya mtoto. Kwa mtu mzima anayepofuka akiwa na ndoa na mashamba, na kwa mwenzi wake, hatujajenga sana.

7. Fundisho kwa diakonia ya kanisa

Mtume Paulo, katika Wagalatia sura ya 6, aweka mambo mawili karibu karibu. Katika aya ya 2 awaagiza waamini kuchukuliana mizigo, na katika aya ya 5 asema kwamba kila mmoja ana mzigo wake wa kuubeba. Wafafanuzi wameshughulika sana na mistari hii. Historia ya waliopofushwa yatusaidia kuielewa. Upofu ulikuwa mzigo ambao hakuna aliyeweza kumvua mwenzake. Kila mtu aliamka nao asubuhi. Lakini kujifunza kutembea, kupata kazi, kutunza nyumba na kustahimili usiku yalikuwa mambo ya kuchukuliana. Huduma iliyojaribu kumbebea kipofu kila kitu ilimwondolea utu wake; iliyomwachia kila kitu ilimtupa.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther aeleza kwamba amri ya tano haitimizwi kwa kuacha kuua tu, bali yadai tumsaidie jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Tunawafundisha watoto wa kipaimara maneno hayo. Tuyatumie basi kwa mke wa kipofu. Mwili wake pia ni mwili wa jirani. Kama anadhoofika kwa kazi isiyo na mapumziko, nasi tunamwita shujaa wa imani kisha tunaenda zetu, amri ya tano haijatimizwa.

Turudi kwa Yohana sura ya 9. Wanafunzi waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yule mtu au wazazi wake, na Bwana alilikataa swali lenyewe. Kipimo cha ustahili kilikataliwa pale pale mlangoni. Baadaye katika habari hiyo wazazi wanaitwa na wakuu na kuhojiwa, nao kwa hofu wanasema kwamba mwana wao ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe. Kwa kawaida tunawalaumu kwa uoga wao, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini mambo mawili yafaa kuonwa. Walichosema kilikuwa kweli, kwamba asiyeona aulizwe mwenyewe. Na hakuna mtu yeyote katika sura hiyo yote anayewauliza wazazi wale wameishije miaka yote hiyo. Wanaitwa kama mashahidi tu, kisha wanaachwa.

Kwa msingi huo tunapendekeza mambo matatu kwa sharika zetu. La kwanza, kamati ya diakonia ya usharika iwe na mjumbe asiyeona au mwenye ulemavu mwingine, mwenye sauti na kura, na anayepofuka leo atembelewe kwanza na mtu aliyepofuka zamani, pamoja na mchungaji. La pili, orodha ya wahitaji iandikwe kwa nyumba, si kwa mtu mmoja mmoja, ili mwenzi amwuguzaye mgonjwa awe na mstari wake. Na usharika upange watu wa kumpokea kazi kwa siku moja au mbili ili aende hospitali kwa ajili ya afya yake mwenyewe, au alale tu. La tatu, tusiwapange wahitaji kwa chanzo cha hali yao. Aliyepofushwa jeshini, aliyepofuka kwa trakoma, na aliyepigwa katika ugomvi wa pombe wote waingie kwa mlango mmoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba waliopofushwa vitani walisaidiwa vema zaidi walipopewa nafasi ya kusaidiana, na kwamba vyama vyao vilipata uzito wake wa kweli pale vilipokataa kuwabagua waliopaswa kuwamo. Tumeona pia kwamba wake zao walibeba sehemu kubwa ya kazi hiyo bila kuandikwa popote, na kwamba sheria za nchi zilihitaji miongo mingi kuwafikia. Kanisa halina sababu ya kungoja muda kama huo. Majina ya wenzi wanaowauguza wagonjwa wa muda mrefu yanajulikana katika kila mtaa wa usharika. Wazee wa kanisa wanayajua, na akina mama wa jumuiya wanayajua vizuri zaidi. Tunawashauri ndugu wachungaji na wanafunzi watakaotumwa katika mafunzo ya vitendo waanze na kazi hiyo ndogo: kuyaandika majina hayo katika daftari la usharika, kisha kwenda kubisha hodi, na wakikaribishwa, wamwulize kwanza yule aliyefungua mlango kuwa yeye mwenyewe hajambo.